Zima

Barasa wa Luthuli aliigeuza kifudifudi,
akahesabu skrubu kumi kwa ukucha wa kidole gumba,
akasema, hii, mama, walioiunda wameshaisahau.
Hawailetei tena masasisho.
Nikupe elfu tatu, nitoe kioo.
Hiyo feni nayo kuna mtu anaitafuta.

Nikairudisha kwenye kiondo, kati ya sukuma na unga.
Elfu tatu! Mimi niliinunua kumi na moja
kwenye mnada wa mradi uliofungwa, kule Kilimani,
nikishindana bei na mwanamume aliyevaa miwani ya jua
ndani ya nyumba.
Mgongoni ina tufaha la fedha, limeng'atwa ubavuni,
na kibandiko kisichobanduka:
MALI YA MRADI, 0417.

Jericho, usiku. Nasimiyu wa mlango wa pili
alikuja na flashi imefungwa kwa uzi wa kiatu.
"Shikilia hapa, shosho. Usiachie."
Ikalia ile sauti yake moja, nene,
ya enzi ilipokuwa na mwenyewe.
Kisha swali, jeupe, katikati ya kioo:
Futa diski yote? Hakuna kurudi nyuma.

Mkono ukasita. Ndani mlikuwa na kisima.
Picha mia mbili za kisima kimoja,
wageni na kofia zao za rangi moja,
na pembeni mwanamke ambaye hakuna aliyemwambia atabasamu,
ndoo kichwani, anamtazama mpigapicha
kama anayedai chenji.
Ripoti ya robo ya tatu iliishia kwenye mkato.
"Si zako," Nasimiyu akasema. Kweli, si zangu.
Nikamhamishia yule mama kwenye simu yangu.
Wengine nikawafuta.

Haikukubali mara moja. Nani hukubali mara moja?
Saa yake ilishikilia kuwa ni Januari mosi, sabini,
mimi sijazaliwa.
Waifai haikuiona kabisa;
tukaifunga na simu kwa kebo, ikanyonya mtandao polepole.
Saa tano stima ikaenda.
Betri ikavumilia dakika nne, tunazihesabu kwa sauti gizani,
ikakata roho kwenye asilimia themanini na moja.

Tukaanza upya Jumapili, baada ya ibada.

Ilipoamka iliniuliza jina.
Nikaandika Mutheu, kwa vidole vyote kumi, bila kutazama,
kama nilivyoandika miaka kumi na tisa Eneo la Viwanda,
barua za wakubwa, nikiwanyooshea sarufi kimyakimya
wakidhani ni yao,
hadi siku walipoleta mashine na bahasha zetu pamoja.

Lugha nikachagua Kiswahili.
Kikaja nusu. Nusu ya pili ilibaki Kiingereza,
ghorofa lililoishiwa na saruji.
"Nani huifasiri?"
"Yeyote. Mtu tu, usiku, bure."
Mtu tu! Na huyo mtu tu kaniandikia
*Dirisha imefungwa.*
"Naweza kumsahihisha?"
Msichana akacheka, kisha akaona sichezi.

Limefungwa. Li. Nilituma silabi moja
na nikakaa wima kitini, mtu aliyerudi kazini.
Siku ya nne wakajibu: imepokelewa.
Sasa kila mahali, kwa watu nisiowajua,
dirisha lao linafungwa ipasavyo.

Usiku huu kona ya juu kuna kitufe,
kimeandikwa *Zima.*
Najua maana yake: ilale, kesho ni kesho.
Nikakibofya. Feni ikatua.
Nikaifunika, nikabaki nimeuweka mkono pale mgongoni,
juu ya tufaha na pengo lake,
nikilisoma tena lile neno
kwa ngeli yake nyingine.